Siafu wa Shimo la Ndizi

Juzi nilirudi kwetu, mlimani juu ya Usa River, nikawakuta wajukuu wakichimba msingi. Jembe likaibua siafu wadogo wekundu wasio na macho. Nilikaa chini nikalia. Watoto wakacheka, wakidhani nimeumwa.

Hawa, rafiki yangu, si wale wa misafara unaowajua. Wanaishi chini kwa chini, wakiwinda mchwa na minyoo, na unaweza kulima miaka mingi usiwaone. Bibi yangu, mzaa baba, aliwajua kwa sababu ya shimo la kuivishia ndizi za pombe. Maganda yaliyooza yaliita minyoo, na minyoo ikawaita wao. Kila tulipotia ndizi alitandaza kwanza majivu chini, kuwazuia wasipande. Kubeba majivu ilikuwa kazi yangu, na ujira wangu ndizi mbivu, tamu hadi koo linawasha. Nilikuwa binti mlafi kwelikweli.

Enzi hizo za Mjerumani, askari walipita vijijini kukamata wanaume wa kubeba mawe ya barabara. Wengi hawakurudi. Asubuhi moja tuliwasikia kwa jirani, baba akaruka ndani ya shimo, bibi akamfunika kwa majani makavu ya mgomba. Shimo lilikuwa tupu siku nyingi, halina majivu. Nani angekumbuka majivu kwa ajili ya mtu?

Bibi aliketi kando ya shimo akimenya ndizi. Askari wawili wakaja, wakaweka bunduki chini, wakaagiza ndizi za kuchoma, wakala taratibu kana kwamba wako kwao. Walikuwa watu wa mbali, hawakijui Kimeru.

Sauti ya baba ikatoka chini, ndogo sana. "Mama, wananila."

Bibi akajibu kwa Kimeru, macho kwa mbuzi aliyefungwa kando, kama anayemsemesha huyo mbuzi. "Vumilia, mwanangu. Wanamaliza kula."

Majani yakaanza kutikisika. Baba hakulia, ila nilisikia meno yake yakisagana. Bibi akatupa kisu na kuyafukua majani kwa mikono miwili. Baba akatoka amejaa siafu hadi kwenye kope. Askari walipokuwa wakimfunga kamba, bibi bado alikuwa akiwabandua siafu kwa kucha, mmoja mmoja.

Baba hakurudi. Siku hizi hakuna anayechimba shimo la ndizi, na migomba yenyewe imebaki michache. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na swali lake kwangu lilikuwa lile lile. "Wewe uliwaona. Walikuwa wameshachukua bunduki zao, tayari kuondoka?"

Nilimwambia hapana. Lakini walikuwa wameshazichukua.