Mimi Niliyeuliza, Yeye Aliyeulizwa

Walisema sitamaliza. Shangazi wa rafiki yangu wa utotoni alilisema hilo kwenye foleni ya bomba, Ujiji, bila kushusha sauti: "Huyu, diploma? Atarudi kabla sabuni yake haijaisha." Kinyozi wa mtaa akaongeza kwamba nitaishia kubeba mizigo ya watu stesheni ya Dodoma.

Nilimaliza. Diploma yangu ya takwimu ina muhuri na iko ukutani kwangu, mtaa wa Gungu. Anayeingia lazima aione. Nilirudi kutoka Dodoma, nikaomba kazi kwenye mradi unaokusanya habari za waanika dagaa, nikaitwa. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa *Interviewees*, na jina langu likiwa la tatu. Watu wanne waliweka kalamu chini wakanisikiliza. Sijawahi kusikilizwa namna ile. Nikapata kazi, na kuanzia siku hiyo mimi ndiye ninayeuliza.

Mtu wa kwanza niliyepangiwa, pale mwaloni Katonga, mitumbwi inakoshusha dagaa, alikuwa rafiki yangu huyohuyo. Yeye hakwenda popote. Ana chanja zake za kuanikia na kibanda cha makuti.

"Mwakeye, bwana diploma," aliniamkia. "Leo umekuja kununua au kukagua?"

"Nimekuja kukuhoji."

"Kunihoji? Nimeiba nini?"

Ndiyo shida ya neno letu mhojiwa: huku kwetu linanukia kituo cha polisi. Msailiwa nalo ni la mtu anayetafuta kazi. Nikamwonyesha kwenye fomu. "Wewe unaitwa *interviewee*, yaani yule anayeulizwa. Mimi ni *interviewer*, ninayeuliza. Anaweza kuwa mwomba kazi, mtu wa redioni, hata wewe na dagaa wako. Alimradi majibu yanatoka kwake."

"Sasa mkubwa hapo ni nani?"

"Anayeuliza, bila shaka."

Akacheka mpaka akashika chanja. "Mbona mkubwa kasimama juani, mdogo kakaa kivulini?"

Nikamuuliza anaanika siku ngapi kwa mwezi. "Wa kalenda au wa angani?" akajibu, na wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wakaangua kicheko. Nikaandika. Kila alichosema nilikiandika, hata kikohozi ningekiandika kama fomu ingekuwa na nafasi.

Wageni wa mradi waliposoma majibu yake walimpenda. Wakaja na kamera. Wakamketisha, wakamuuliza juu ya baba yake, juu ya upepo wa ziwa, juu ya maisha. Mimi nilishika mwavuli ili jua lisimpige usoni. Mimi, mwenye diploma! Mgeni mmoja alimwambia, "Una hadithi nzuri sana," kisha akanigeukia, nikajiweka sawa, naye akaniomba nisogeze mwavuli kidogo kushoto.

Sitaficha. Nilimwonea wivu ulioninyima usingizi. Niliuonea wivu hata ule mkeka aliokalia. Nilipanda treni nikiwa sijui nitafikia kwa nani, nikasoma kwa taa ya koridoni, nikafaulu, na hakuna aliyewahi kuniuliza ilikuwaje. Mtu ambaye hajavuka Kasulu anaulizwa saa nzima.

Jumapili moja, mchana, nilichukua fomu tupu nikaandika jina langu kwenye nafasi ya anayeulizwa. Nikajihoji. Umri, elimu, nikajibu kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikafika swali ambalo nimewauliza watu mamia ya mara: *Vitu vya kuanzia ulivipata wapi?*

Siku zote nasema nilijisomesha mwenyewe. Kalamu ikagoma. Mwishowe nikaandika ukweli. Nauli: kinyozi, yuleyule aliyenicheka. Begi: mama muuza mawese. Viatu: rafiki yangu, jozi yake pekee. Nikakumbuka kwamba alinisindikiza stesheni akiwa pekupeku.

Mshahara ulipoingia nilitoka asubuhi. Kinyozi nilimlipa nauli yake na nyongeza. "Nilikuwa nakutia hasira usome," akasema, na sijui kama nimwamini. Mama wa mawese nilimpelekea begi jipya. "Shikamoo mama, nimerudisha." Akalifungua, akacheka kuona nimeweka khanga ndani. "Marahaba. Nilishasahau, mwanangu."

Katonga nilifika na viatu vya ngozi kwenye boksi, namba yake. Rafiki yangu alivigeuza, akavinusa, akavijaribu.

"Vile vingine viko wapi?"

"Viliisha soli mwaka wa pili."

"Vilikufikisha wapi mpaka vikaisha?"

Nikamtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Alisogea kwenye mkeka, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja. "Kaa, kaka. Kila siku unaniuliza mimi. Kule ulikuwa unakula nini? Ulilala wapi siku ya kwanza? Nani alikupokea?"

Sikuwa na fomu mkononi. Nikaketi kivulini, nikavua viatu, nikaanza na usiku ule wa treni. Aliponikatiza kuuliza zaidi, nilimjibu. Wanawake waliacha kugeuza dagaa, wakasogea. Nilisema sana, najua kusema. Jua lilikuwa limehama kutoka chanja ya kwanza hadi ya mwisho, na alikuwa bado ananiuliza.