Taa za Nyuma za Lile Gari Jeusi

Sikuketi hapa kukuchangamsha. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Kawangware, siku zile za vurugu baada ya uchaguzi, na ningetoa chochote yawe uongo.

Tulikuwa tumetoroka mtaa wa Lindi, kule Kibera, mimi na dada yangu Mwende, aliyekuwa mjamzito, tukapewa chumba hapo Kawangware na mtu wa kwetu Kitui. Jioni moja uchungu wa kuzaa ukamshika. Barabara zote zilikuwa zimefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Niamini, tangu asubuhi hatukuwa tumeona gari hata moja. Sasa lile jeusi, safi, bila hata vumbi, lilipitia wapi mpaka likasimama mlangoni petu?

Dereva akateremsha kioo. "Mleteni. Nitamfikisha hospitali."

Hakutaja jina lake, hakuuliza letu. Na siku zile jina ndilo lilikuwa swali la kwanza, maana lilionyesha kabila. Nikaogopa. Mwende akiingizwa kiti cha nyuma, nikatoa simu nirekodi video ya gari na namba yake, niwe na ushahidi akipotezwa. Kwa macho, taa nyekundu za nyuma zilikuwa zimetulia kabisa. Kwenye simu zilikuwa zinawaka, zinazima, zinawaka. Nikatazama gari tena: zimetulia. Simu: zinapepesa. Wewe ungefanya nini?

Jirani yetu, Mama Kioko, akachungulia simu, akapiga nduru. "Hiyo si gari ya mtu! Mtoe!"

"Twende tu, kaka," Mwende akasema, meno yameumana. "Hata kama ni shetani, twende."

Nikamvuta nje.

Yule mtu akanitazama. "Utamuua," akasema, bila hasira, akaondoka.

Tulimsukuma kwa mkokoteni kuelekea kituo cha afya cha Riruta. Mtoto alizaliwa njiani, mzima. Mwende hakufika.

Miezi kadhaa baadaye, fundi wa umeme wa magari alitazama ile video, akacheka. "Bosi, hizi ni taa za LED. Zinawaka na kuzima mbio sana, jicho haliwezi kushika. Kamera nayo inapiga picha moja moja, na nyingine zinanasa taa zikiwa zimezima. Gari iko sawa."

Nilitoka nje ya gereji nikaitazama ile video tena, peke yangu.

Yule dereva alikuwa nani, alipitaje, sijui mpaka leo, na sitafuti tena. Binti wa Mwende huniuliza mamake alikufaje. Namwambia barabara zilifungwa.

Nawe ukikutana na jambo la ajabu huku mtu wako anaumia, mpeleke kwanza. Utaogopa baadaye.