Umande Ukikauka, Darasa Linaisha

Siku tulipoletewa kishikwambi, mwalimu mkuu wetu alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Kuanzia leo, alisema, wilaya itajua kila siku nani yupo shuleni na nani hayupo. Majina yataitwa saa mbili asubuhi, takwimu zitatumwa, na mzazi atapata ujumbe kwenye simu: mtoto wako amehudhuria. Mtoto asipohudhuria, mtendaji wa kijiji atamwita mzazi ofisini ajieleze. Tukapiga makofi.

Shule yetu ipo Hanang. Jina silitaji, maana wakubwa wetu wana hasira za karibu. Ila huku kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba ng'ombe hawatoki zizini alfajiri. Wanakamuliwa, wanasubiri umande ukauke, ndipo wanatoka, kama saa tatu hivi. Kwa hiyo mtoto anayechunga ana muda wa kutosha kabisa kuja shuleni, kuitika "nipo", na kurudi mbio nyumbani kuwahi ng'ombe wake. Aliyepanga hiyo saa mbili sijui alikulia wapi. Labda ghorofani.

Basi wakawa wanaitika. Weee! Hujawahi kusikia watoto wakiitika kwa bidii namna ile. Jua likipanda kidogo, darasa langu la saba linabaki na madawati matupu, huku kwenye ubao wa mahudhurio pale getini tumepakwa rangi ya kijani ya ushindi. Wilaya ikatupongeza. Wageni wakaja na gari kuuliza siri ya mafanikio, na mwalimu mkuu akawaeleza habari za motisha na ushirikishwaji wa jamii huku akiwasogezea kuku. Mimi nilikuwa nagawa sahani.

Kilichonichoma hasa ni binti mmoja wa darasa langu. Hesabu alikuwa anazimaliza kichwani kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa unakaribia, na yeye kila siku anaitika na kuondoka. Kwa mwendo ule angefeli hivi hivi, mimi nikimwangalia. Nikamfuata baba yake nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu maziwa."

Nikamweleza kwamba binti yake hasomi, anachunga. Mzee hakubisha wala hakukasirika. Alitoa simu kwenye shuka, akaniwekea mbele ya macho. Ujumbe kibao: amehudhuria, amehudhuria, amehudhuria.

"Sasa mwalimu, wewe unabishana na serikali?"

Nilimaliza maziwa yake nikaondoka nimefura. Mzee alikuwa anajua ukweli vizuri kabisa, lakini ushahidi tulimpa sisi wenyewe.

Kesho yake asubuhi sikuita jina la mtu. Niliita saa nane mchana, nikajaza nilichokiona kwa macho yangu, nikatuma. Loo! Ubao ukageuka mwekundu. Mwalimu mkuu alinijia nusu anakimbia.

"Mwalimu, unataka kuniua?"

"Nimehesabu waliopo, mkuu. Si ndiyo kazi ya hiki kidude?"

Alitishia kunihamisha, nikamwambia anihamishe, na kesho yake nikaita tena saa nane. Mtendaji naye akamwita mzee ofisini. Mzee alikuja shuleni moto unamtoka puani.

"Umemfuta mwanangu!"

"Sijamfuta, mzee. Sijamwona."

Haikupita wiki nikamwona mzee kupitia dirishani, yeye mwenyewe na fimbo yake nyuma ya ng'ombe, amenuna kama kanyang'anywa mke. Binti alikuwa dawati la mbele, anafanya hesabu za sehemu. Nilifurahi, sifichi.

Wilaya haikufurahi. Nikaitwa semina Katesh, makao makuu ya wilaya, semina ya walimu wanaoshusha mahudhurio. Mwezeshaji alikuwa mkuu wa shule ya jirani, kinara mpya wa wilaya, ambako majina bado yanaitwa saa mbili. Akaanza kwa kuita majina yetu. Nikaitika "nipo" kwa sauti nzuri kabisa, akaweka alama yake. Chai ilipoletwa nikatoka, nikapanda bodaboda. Ningechelewa, mwalimu mkuu angejaza anachopenda yeye, na yule mzee alikuwa anasubiri siku moja tu ya namna hiyo amrudishe binti porini.

Kwenye taarifa ya semina nimehudhuria siku nzima, tena wamenishukuru kwa ushiriki wangu. Saa nane nilikuwa darasani, vumbi mpaka kwenye kope, naita jina la yule binti.

"Nipo, mwalimu."

Sikuweka alama kwanza. Niliinua macho nikamtafuta. Alikuwepo.