Chinsaga ya Batuli

Batuli alizaliwa hapa Suneka, nyuma ya duka la baba yake, Mwislamu aliyekuja kutoka Mumias kuuza vitambaa. Mama yake ni Mgusii wa hapa hapa. Watu husema ndiyo maana hajui kuchagua. Asubuhi kibanda chake cha chakula kinapiga taarabu, mchana rumba ya Kongo, na wazee wakiingia anawawekea obokano, kile kinanda chetu cha nyuzi, mpaka wanatikisa mabega. Pilau anaipakua na ugali wa wimbi. Na watu wanakula.

Kibanda chetu kiko ukuta wa pili. Mama yangu, Eucabeth, hana redio. Ana chinsaga. Hiyo mboga ni chungu, lakini Mama huichemsha, akaitia maziwa, akailaza kwa nyungu siku mbili mpaka uchungu utoke. Mzee Ombui alikuwa anakuja kwetu kila siku ya soko kwa sababu hiyo. Wateja wengine Batuli alishatuchukulia. Huyu nilisema hatamgusa.

Siku moja Batuli akaniita pale kwa bomba. "Kwamboka, mama yako hiyo chinsaga anaifanyaje?"

"Anachemsha tu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu," nikasema, nikainua ndoo yangu.

Siku ya soko akaichemsha, akatia tui la nazi, akaiweka kando ya pilau. Nilisimama mlangoni kwetu nikingoja watu wateme. Kijana mmoja wa boda akakunja uso. "Batuli, hii ni mboga ama dawa ya malaria?"

"Dawa nakuongezea bure. Changanya na pilau, wacha kuilamba peke yake kama mtoto."

Akachanganya. Akaomba tena. Mzee Ombui alikuwa njiani kuja kwetu; akasimama, akaonja kwa sahani ya yule kijana, akafunga macho kidogo. "Nyanya yangu aliipenda hivi hivi, na uchungu wake," akasema, akavuta kiti.

Mama alikuwa ameshampakulia. Akaifunika ile sahani, akakaa.

Wiki iliyofuata, Mzee hakuja tena. Mama akaniambia polepole, "Nenda kwa Batuli, umuulize anaipikaje."

Nikaenda. Sikuuliza kitu. Nilinunua sahani moja, nikala nimesimama, rumba ikipiga. Ilikuwa tamu, nikazidi kukasirika.

Niliporudi nikamwambia Mama kwamba Batuli amekataa kusema.