Wanawake Waliochukua Dawa ya Tezi Dume

Mjukuu wangu aliniuliza kama nina tezi dume. Nilikuwa napepeta mchele, nikaweka ungo chini.

"Tusi gani hilo asubuhi yote hii?"

"Si tusi, Bibi. Umo kwenye daftari."

Huyu ni mtoto wa binti yangu. Amekulia mjini, anasomea mambo ya dawa chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikisema chuo kikuu nasema kwa sauti, hata sokoni Ipinda wanajua. Alikuja kukaa kwangu wiki mbili kwa kazi ya chuo. Wanakusanya madaftari ya dawa ya nchi nzima na kuyaunganisha, ili waone dawa ipi inasaidia watu na ipi inawaumiza. Majina hawachukui. Wanachukua mwanamke au mwanamume, miaka, dawa, mara ngapi. Yeye alipangiwa kituo chetu cha afya.

Sasa daftari letu lilijaa wanawake wanaochukua dawa ya tezi dume kila mwezi. Mjukuu akampigia simu mwalimu wake. Mwalimu akasema huo ni wizi: mtoa dawa anauza dawa nje, kisha anajaza majina ovyo. Asiambiwe kitu, iandikwe ripoti iende wilayani. Nilimjua yule mtoa dawa. Ana watoto wanne na mguu mbovu, na hana kazi nyingine.

"Nisomee hayo majina," nikasema.

Akasoma. Mimi, jirani yangu, mke wa katekista, na wengine wa ng'ambo ya mto. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Dawa ni za wakwe zetu, wewe!"

"Sasa kwa nini usitaje jina la mkwe wako?"

"Nimtaje mkwe? Una wazimu?"

Kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe, wala hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani anaingia migombani. Mimi nina wajukuu tisa na yule mzee bado namkwepa, naye bado anakohoa akikaribia ili nimpishe. Kwenye dirisha la dawa nikiulizwa jina, natoa langu. Mtoa dawa ni wa hapa hapa, hata mama yake hamtaji mkwe. Anaandika alichoambiwa, foleni inasogea.

"Mwalimu atasema unamtetea tu, Bibi."

"Basi vaa viatu."

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Kila mwanamke alikubali kuwa anachukua dawa, kila mmoja alikataa kutaja jina la mkwe. Mke wa katekista alinyoosha kidole kwenye nyumba ya mkwe wake, kisha akageukia ukuta. Ikabidi mjukuu aingie mwenyewe, amuulize kila mzee jina, miaka, na kama mkojo unatoka. Mmoja alitaka kujua nani atamwoa msichana anayeulizia mikojo ya wanaume. Mwingine alitoa maboksi matupu ya dawa, ameyapanga kabatini kama vitabu. Mjukuu akayapiga picha.

Tulipofika nyumbani kwetu nilisimama nyuma ya jiko. Nilimsikia mkwe akisema sasa analala usiku bila kuamka mara tano. Miaka yote hiyo nilikuwa nampelekea dawa mlangoni, na sikuwa najua kama inamsaidia.

Mwalimu alipotumiwa picha na orodha ya wazee, alizikagua siku mbili. Kisha akasema ripoti ya wizi ifutwe, ila mistari ile isiingie kwenye utafiti, maana aliyeandikwa siye aliyemeza. Mjukuu akabisha. Akasema wazee hao watahesabika kama watu wasiowahi kuugua. Walibishana mpaka salio likaisha, akanunua jingine. Mwisho mwalimu akamruhusu asahihishe mstari mmoja mmoja. Alifanya kazi hiyo siku tatu, hakunisaidia hata kuosha sufuria, nikaosha mwenyewe.

Mtoa dawa alibaki kazini. Kabla ya kuondoka, mjukuu alimwachia karatasi yenye majina ya wazee nyumba kwa nyumba, akamwomba awe anaandika dawa ni ya nani, si nani amekuja. Mwezi uliofuata nilifika dirishani.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya baba wa mume wangu."

"Ana jina?"

"Analo. Kamuulize mwenyewe."

Wanawake wa nyuma yangu walicheka. Yeye akafungua karatasi ya mjukuu, akatafuta nyumba yetu kwa kidole, akaandika.