Jina Nililogonga Kwenye Sabuni

Usinicheke kabla sijamaliza. Mimi hutengeneza sabuni hapa Huruma, na kwa kuirembesha sijaona wa kunishinda Eldoret nzima. Kwa hivyo jirani yangu Auma aliponiambia watu wa Otieno wanakuja kujitambulisha kwao, nilimwambia, "Sabuni ya wageni niachie mimi."

Ujue huyo Otieno amemzungusha Auma miaka na miaka. Kila Krismasi ni, "Mwaka ujao, mpenzi."

Basi nikakandamiza kiondo juu ya sabuni ikiwa bado laini, ikatoka na mistari ya kusukwa, maridadi. Kisha nikachonga AUMA kwenye kipande cha mbao, nikagonga katikati ya kila sabuni. Nikakagua: A imesimama, U haijapinda, M ina miguu yote. Nikajisifu mwenyewe.

Siku yenyewe nikajitolea kunawisha wageni, nisikie sifa kwa masikio yangu. Mjomba wa Otieno akashika sabuni, akavaa miwani.

"Mama, hii umeandika wewe?"

"Ni mimi, Mzee! Soma kwa sauti, wote wasikie."

Akasoma: "AMUA."

Macho yote yakamgeukia Otieno. Akasimama huku jasho likimtoka.

"Jamani, nimeamua! Harusi ni Agosti. Lakini ilikuwa lazima mniandikie kwa sabuni?"

Nikafungua mdomo nieleze kwamba mhuri hugeuza jina, mwisho ukawa mwanzo. Auma akanikanyaga mguu kwa kisigino, akaniambia polepole, "Nawisha wageni, mama."