Kulala Saa Tatu

Nilipoachishwa ualimu kwa sababu ya afya, nilikuwa na miaka thelathini na tisa na sikuwa nimewahi kusonga ugali ukaiva. Mke wangu aliuza vitenge sokoni Migori. Mara mbili kwa wiki alikwenda Isebania, akavuka mpaka kuingia Sirare kuchukua mzigo, na siku hizo alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nyumba ikabaki mikononi mwangu: binti yetu wa miaka tisa, mdogo wake wa kiume wa miaka minne, kuku sita, na mimi mwenyewe, ambaye nilihitaji kuangaliwa kuliko wote.

Daktari aliuita ugonjwa wangu baipola. Aliponieleza aliinua mkono juu ya meza, kisha akaushusha polepole hadi ukagusa mbao.

"Mwalimu, ukishuka utajua unaumwa," alisema. "Ukipanda utajiona mzima kuliko sisi sote. Hapo ndipo uogope."

Nilimwelewa, kwa sababu nilikuwa nimeshapanda. Niliwaamsha wanafunzi wa kidato cha nne saa tisa usiku niwafundishe ngeli. Nilipaka ubao wa darasa rangi nyeupe, nikiwa na hakika kwamba nimegundua jambo ambalo walimu wote walikuwa hawajaliona. Muhula uliofuata sikuweza kutoka kitandani. Karatasi za mtihani zilikaa chini ya kitanda bila kusahihishwa, na naibu wa mwalimu mkuu alipokuja kuzichukua alizivuta mwenyewe huku mimi nimegeukia ukuta.

Daktari alinipa vidonge na amri moja. "Saa tatu usiku uwe umelala. Hata nyumba ikiungua, wengine wazime."

Basi nilifanya kile mwalimu anachojua kufanya. Nilinunua karatasi ya manila nikachora ratiba. Kuamka saa kumi na mbili kasoro. Uji. Watoto kuoga. Kufagia uwanja. Kuosha vyombo vya jana. Sare kufuliwa Jumamosi, si Jumapili, kwa kuwa Jumapili jioni mvua hunyesha na sare hazikauki. Dawa saa mbili usiku baada ya chakula. Saa tatu, kulala.

Wapangaji wenzangu walisema mwalimu ameolewa na mkewe. Walisema nikiwa naanika nguo, tena kwa sauti ya kutosha nisikie. Siku nzuri maneno hayo yaliniuma kama mbu, nikaendelea kuanika. Siku mbaya niliyaamini.

Kwa siku mbaya ilinibidi kuchora ratiba ya pili, maana ile ya kwanza ilinitazama kutoka ukutani kama mkaguzi wa shule. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo. Alirudi kutoka Sirare jioni moja akakuta watoto wamekula ndizi mbivu tu tangu asubuhi, nami nimekaa kwenye kigoda kando ya ndoo ya maji ya kuoga. Maji yalikuwa ya moto nilipokaa.

"Umekaa hapa tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu watoto watoke shule."

Hakunigombeza. Alivua viatu, akawasha jiko, akasema akiwa amenipa mgongo, "Baba watoto, siku kama hii fanya mambo matatu tu. Watoto wale. Unywe dawa. Uoge. Mengine yaache yaoze."

Nikaandika hayo matatu kwenye karatasi ndogo. Ziko siku nilizofanya mawili. Ziko wiki nilizofanya moja, nalo lilifanywa na binti yangu, aliyesimama mbele yangu na kikombe cha maji na kidonge kiganjani, akingoja nimeze kabla hajavaa mkoba wake wa shule.

Mtoto huyo alijifunza kunisoma mapema kuliko vitabu. Kupanda kwangu kulianza na usafi. Nilifagia uwanja, nikarudia, nikaanza kuimba, nikapanga kufuga kuku mia tano. Siku moja nikiwa nafagia alitoka nje akaketi kizingitini.

"Baba, hiyo ni mara ya tatu."

"Mara ya tatu nini?"

"Kufagia. Nimpigie mama?"

Nilikasirika, kisha nikaaibika. Nilimpa simu. Kesho yake tulikuwa kliniki, daktari akaongeza dawa, na safari hiyo niliteremka bila kuvunja kitu. Mke wangu alinunua soda mbili, yeye na binti wakanywa kusherehekea. Leo nikikumbuka, sioni furaha ndani yake. Naona mtoto wa miaka kumi anayehesabu ufagio wa baba yake.

Miaka miwili ikapita namna hiyo. Halafu baba yangu akafa.

Alifia kisiwani Rusinga, nyumbani kwake, na mimi ndimi mwanawe wa kwanza. Kwetu mwanamume mwenye boma akifa, moto mkubwa uitwao magenga huwashwa uwanjani, na wanaume huulinda usiku kucha mpaka azikwe. Mwanawe mkubwa hakai mbali na moto huo. Mke wangu alilijua hilo vizuri, na kabla hatujafunga mizigo aliketi nami kitandani.

"Utakaa motoni hadi saa mbili na nusu," alisema. "Kisha utaenda kulala kwa yule rafiki yako mwalimu. Nimeshampigia simu. Ni mwendo wa dakika kumi."

"Watasema."

"Waseme. Mimi ndiye ninayeishi na wewe, si wao."

Usiku wa kwanza nilikwenda kulala. Usiku wa pili pia. Asubuhi ya tatu nilikuta wanaume wamekaa kuzunguka majivu, na hakuna aliyenisogezea kiti. Mchana wakwe, makanisa na vikundi vya akina mama viliendelea kufika. Jioni baba mdogo, ndugu wa marehemu, alinivuta kando nyuma ya ghala.

"Moto wa baba yako unalindwa na majirani," alisema. "Wewe unakwenda kulala kama mgeni. Hata nyumba hujajenga hapa. Tukuhesabu wapi?"

"Baba, mimi ni mgonjwa. Daktari alisema..."

"Mgonjwa wa nini? Unatembea, unakula. Baba yako yuko mochari na wewe unatafuta godoro."

Neno lile godoro lilinifuata hadi motoni. Usiku huo nilikaa. Dawa sikumeza, kwa kuwa ilileta usingizi, na aibu ya kusinzia mbele ya moto ingekuwa kubwa zaidi. Mke wangu alikuja akasimama kwenye kona ya jiko la matanga, kitambaa kichwani, akanitazama. Nilimfanyia ishara kwamba ni leo tu.

Haikuwa leo tu. Usiku wa pili wa kukesha, huzuni iliniondoka. Nasema jinsi ilivyokuwa: nililia hadi saa sita, na kufika alfajiri nilikuwa na furaha. Kila mtu nilimpenda. Niliona wazi jinsi kisiwa kizima kingeweza kuwa na maji ya bomba, na shule bora, na mimi nikiwa mwalimu mkuu. Nilipanga upya viti vya hema. Niliwafundisha wanakwaya sauti ya nne. Wazee walioninyima kiti sasa walinisifu: mtoto wa marehemu ameamka, huyu ndiye tuliyemngoja.

Binti yangu alinijia akiwa na nguo yake ya kanisa.

"Baba, umelala lini?"

"Mama yangu, babu yako hafi kila siku," nikamwambia, nikambeba juu kama mtoto mdogo. Hakucheka.

Siku ya maziko nilishika kipaza sauti nikaongea mpaka mchungaji akaangalia saa, kisha akaangalia jua. Nilisimulia mambo ya baba ambayo mama yangu, mjane aliyeketi pale mbele, hakupaswa kuyasikia hadharani. Nilicheka. Mke wangu na rafiki yangu mwalimu walikuja kunishika mikono, na baba mdogo yuleyule akawaambia waniache, ni uchungu tu.

Ya siku iliyofuata nayakumbuka vipande vipande, mengine niliambiwa. Alfajiri, mke wangu akiwa amelala kwa uchovu wa siku nyingi, nilimwamsha binti yangu nikamwambia nimempatia shule kubwa ya bweni Homa Bay na leo ndiyo siku ya kuripoti. Alikuwa darasa la sita. Nilikodi pikipiki. Tukavuka daraja la Mbita jua likichomoza, yeye katikati, mimi nyuma nikimwelekeza dereva na kumweleza mipango ya kisiwa. Binti yangu alivaa ndara. Hakuwa amenawa uso.

Langoni mwa shule mlinzi alituambia ni likizo, hakuna mtu. Nilibishana naye. Kisha nikakumbuka kwamba ninapaswa kumwona mkuu wa elimu wa kaunti kabla hajaingia kazini. Nikamwambia mtoto, "Kaa hapa, nakuja sasa hivi," nikapanda pikipiki nikaondoka.

Sikurudi. Nilipatikana mchana katika afisi moja ya serikali, nikihutubia watu waliokuja kufuatilia vyeti vya kuzaliwa, shati sina. Polisi walinipeleka hospitali. Mke wangu alipofika aliuliza neno moja tu: "Mtoto yuko wapi?" Nilimjibu kwamba yuko shuleni, amepokelewa vizuri.

Binti yangu alikaa langoni tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, mama yake alipompata. Mlinzi alisimulia baadaye kwamba alimletea benchi, akampa mahindi ya kuchemsha, akamwuliza mara nyingi nambari ya simu ya nyumbani. Kila mara mtoto alijibu kwa heshima, "Asante, baba yangu anakuja."

Alikuwa anaijua nambari ya mama yake kwa kichwa. Ilichukua muda mrefu kabla sijathubutu kumwuliza kwa nini hakuitoa.

"Ningekuwa nimekushtaki," alisema.

Nililazwa wiki tano. Baadaye nikashuka, na safari hiyo kushuka kulikuwa na sababu, jambo ambalo halikunisaidia. Kwa miezi minne niliishi kwa ile karatasi ndogo ya mambo matatu. Kule kisiwani walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mila: nililala usiku wa moto wa baba, nami sijajenga. Baba mdogo mwenyewe alituma ujumbe nilete kondoo nitakaswe. Hakuna aliyesema kwamba ni kukesha kulikoniangusha. Mimi pia sikusema. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana na mtu yeyote.

Kabla muhula mwingine haujafunguliwa mke wangu alimpeleka binti yetu Homa Bay kwa dada yake, fundi wa cherehani asiye na mtoto. Aliniambia siku mbili kabla, tukiwa tunachambua sukuma wiki.

"Sikuadhibu," alisema. "Lakini huyu mtoto ameacha kuwa mtoto. Kule kwa dada yangu hakuna mtu wa kuhesabu."

Nilisema sawa. Niliendelea kuchambua hadi nikachambua pia mashina.

Sasa ana miaka kumi na mitatu. Mimi huenda kumwona Jumamosi moja kila mwezi. Amerefuka, amepata rafiki wa kusuka naye nywele, na ameanza kufeli hesabu, jambo ambalo mama yake mkubwa ananilalamikia na ambalo mimi, Mungu anisamehe, linanipa faraja kidogo. Ananipokea kwa mikono miwili. Ananiandalia chai. Hajawahi kuniambia nikae hadi kesho yake.

Kila siku saa tatu usiku mimi niko kitandani. Mwaka huu alifariki mke wa baba mdogo. Nilikwenda mchana, nikarudi mchana, na wengi hawakunipa mkono. Mdogo wake binti yangu sasa ana miaka minane na anajua kwamba dada yake anasoma mbali. Hilo tu.

Jumapili iliyopita nilimwuliza mke wangu kama likizo ya Agosti binti anaweza kuja kukaa nasi, walau wiki moja.

Alikuwa anakunja vitenge. Alikunja kimoja, akakiweka juu ya vingine, akapitisha kiganja.

"Bado," akasema.

Nikaenda kuloweka maharagwe ya Jumatatu.